Naomba ushauri: mbegu ya hamira inaniharibikia, na Jumamosi nina shughuli

Kijana_wa_Chikongola:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Natengeneza bia ya nyumbani kwa kimea cha mtama, huu mwaka wa pili. Kaka yangu aliniletea pakiti moja ya hamira ya bia kutoka Dar, gramu 11, na kwa kuwa huku sijaipata dukani, naitunza. Pipa likiisha, machicha ya chini nayaweka kwenye friji. Nikitaka kupika tena, nayaamsha kwanza kwenye lita mbili za maji ya kimea. Hiyo ndiyo mbegu.

Sasa mbegu mbili mfululizo zimenitia wasiwasi. Ya kwanza iliota utando mweupe, ikawa kali kama siki. Ya pili imechachuka, lakini inanuka plasta ya hospitali. Jumamosi mtoto wa dada yangu anatoka jandoni na nimeahidi lita 40. Vyombo nasafisha vizuri. Harufu hii itaisha yenyewe?

Bibo_Tamu:
Bia ya nini na mabibo yanaoza chini ya mikorosho? Subiri msimu ukamue uraka, pombe ya mabibo, habari ya mbegu utaisahau.

Mzee_wa_Newala:
Mwanangu, marehemu bibi yangu alikuwa na kibuyu kimoja cha uraka. Sabuni hakikuijua. Alikisuuza kwa maji, akakitundika juu ya moshi jikoni, basi. Hamira ilikuwa imejificha kwenye kuta za kibuyu, ukimwaga maji ya mabibo asubuhi, jioni yanaunguruma. Mwaka mmoja shangazi akakisugua kwa mchanga na sabuni ili kipendeze. Bibi hakusema naye mpaka mahindi yakakomaa. Usafi mwingine ni uharibifu.

Ummu_Swaumu:
Mtoto anatoka jandoni kufundishwa utu, mjomba anampikia pombe. Mche Mungu ndugu yangu.

Povu_Jeupe:
Mzee wangu, kibuyu cha bibi kilikuwa kinatunza hamira yake yenyewe, na uraka ulinyweka siku hiyohiyo. Huyu anatunza hamira ya aina moja kwa miezi, hali yake ni nyingine.

Mkuu, utando na ukali wa siki ni bakteria. Mara nyingi huletwa na vile vinzi vidogo vya matunda, na wanataka hewa, kwa hiyo chombo kilikuwa wazi au kitambaa chako kilikuwa chepesi. Chemsha maji ya kimea dakika 15, funika yakiwa bado motoni, poza sufuria ndani ya beseni la maji mpaka ukishika nje usisikie joto. Ndipo utie hamira. Mdomo wa chupa funika kwa karatasi ya alumini iliyolegea, usikaze kifuniko, gesi itapasua. Halafu kumbuka kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili: kwanza sugua uchafu wote utoke, ndipo utie dawa. Dawa haipenyi kwenye ukoko.

Hiyo harufu ya plasta ndiyo inanisumbua. Hiyo ni klorini ikikutana na kimea, na haiishi. Ulitia jiki kiasi gani?

Kijana_wa_Chikongola:
Nusu kikombe kwenye dumu la lita tano ninaloamshia mbegu, nikaliacha usiku kucha.

Povu_Jeupe:
Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita nne za maji kinatosha, dakika 20, kisha unasuuza kwa maji yaliyochemshwa. Na usije ukachanganya jiki na siki, inatoa gesi ya sumu. Mtu hatii nusu kikombe na kulaza usiku kucha bila kitu anachokiogopa. Dumu lilikuwa la nini?

Kijana_wa_Chikongola:
Dumu la kawaida tu. La maji.

Povu_Jeupe:
Kabla ya maji?

Mama_Tandahimba:
Jibu, mdogo wangu. Usituzungushe.

Kijana_wa_Chikongola:
Lilikuwa la dawa ya mikorosho, ile ya maji, siyo salfa ya unga. Lakini limekaa tangu mwaka jana. Nimeliosha mara saba kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikalianika juani siku tatu, ndipo nikatia jiki. Halina harufu kabisa ya dawa. Na wengi huku wanachotea maji madumu hayohayo, wako wazima. Mbegu nimeshaimwaga kwenye pipa Jumapili, linatoa povu zuri. Kama ingekuwa sumu, hamira si ingekufa?

Mama_Tandahimba:
Ee Mola.

Povu_Jeupe:
Kaka, sikiliza. Jiki inaua vijidudu, sumu haiigusi kwa namna ya kuitegemea. Plastiki inanyonya dawa, kisha inaitoa kidogokidogo, na ikikutana na kinywaji chenye uchachu na pombe inaitoa vizuri zaidi kuliko kwa maji matupu. Nyingi ya dawa hizo zimetengenezwa kumshika mdudu mishipa ya fahamu, na hamira haina mishipa ya fahamu. Itatoa povu kama kawaida. Povu halikwambii kitu.

Mkweli_Daima:
Jamani, hamuoni hii chai? Akaunti ina wiki mbili, huu uzi wa kwanza. Pakiti ya hamira kavu haihitaji mbegu, kila anayepika bia anajua hilo. Anatunga, anataka tuchangamke. Kesho atasema amemwokoa chifu.

Bibo_Tamu:
Hata mimi niliona sukari imezidi.

Povu_Jeupe:
Pakiti mpya haihitaji, kweli. Machicha yaliyokaa friji wiki kadhaa yanahitaji, na ndicho alichosema. Mimi naendelea kumjibu. Akiwa ametunga, nimepoteza dakika tano.

Kijana_wa_Chikongola:
Sijatunga. Dumu ninalo hapa mbele yangu. Kibandiko nilikibandua nusu kwa kisu, jina limetoka, limebaki fuvu na mifupa na maneno haya tu, "mbali na watoto". Ndani karibu na mdomo, pale uzi wa kifuniko unapoishia, kuna duara la njano ambalo nimelisugua kwa mswaki halitoki. Nilikuwa sitaki kuliandika kwa sababu nilijua mtasema nini. Jana usiku nilionja pipa, vijiko viwili.

Mama_Tandahimba:
Unatokwa mate mengi? Jasho, macho kuona ukungu, misuli kuchezacheza? Ukiona hata moja nenda hospitali sasa hivi, na dumu uende nalo daktari alione. Mume wangu alipuliza mikorosho bila barakoa, alianza hivyohivyo, tukampeleka kwa bodaboda usiku.

Kijana_wa_Chikongola:
Hapana dada, niko sawa. Lakini lita 40, na kimea nimeotesha mwenyewe, nimekisaga mwenyewe. Nikichanganya na maji si itapungua nguvu?

Mzee_wa_Newala:
Wangapi watakunywa Jumamosi?

Kijana_wa_Chikongola:
Wazee wote wa ukoo. Na mama.

Povu_Jeupe:
Mwaga, mkuu. Chimba shimo mbali na kisima, fukia, na machicha usiwape kuku wala nguruwe. Dumu litoboe asije mtu akalichotea maji. Pipa kama ni la plastiki, hilo nalo usilitumie tena kwa kinywaji. Hamira yako ya friji ilikaa kwenye nini?

Kijana_wa_Chikongola:
Chupa ya jemu, ya kioo. Haijawahi kugusa dumu.

Povu_Jeupe:
Basi hamira unayo. Ukianza tena, chemsha chupa ya kioo ndani ya sufuria, weka kitambaa chini, ianze na maji baridi isipasuke.

Kijana_wa_Chikongola:
Nimetoboa dumu kwa msumari, matundu manne. Shimo nachimba sasa, dada yangu ameshika tochi. Hajaniuliza kitu bado.