Bima ya matibabu ya kampuni binafsi: hii "milioni moja" ni ya nini hasa?

fundi_donholm
Habarini wadau. Kazi iliisha juzi na kava ya ofisi ikaenda nayo, sasa nataka kukata bima yangu mwenyewe, mimi na bibi na watoto wawili, na ikiwezekana mamangu pia, ako na miaka 61 na presha. Ajenti amenipea karatasi, kulazwa 1,000,000, kutibiwa na kurudi nyumbani 75,000, nikimuuliza maana yake anasema tu nitakuwa sawa. Bibi ana mimba ya miezi miwili. Na kama nalipa SHA, ile bima ya afya ya serikali, tayari, si nitakuwa nalipa mara mbili? Mnieleze polepole tafadhali.

dawati_la_bima
Pole kwa kazi ndugu. Mimi nashughulikia bima kwa hospitali moja hapa mjini na naona watu wakilia kwa dirisha langu kila wiki, kwa hivyo shika hii. Hiyo milioni ni limiti, yaani mwisho wa pesa kampuni italipa, ya mwaka mzima, na kava nyingi za familia mnaigawana nyote, si kila mtu na yake. Halafu ndani yake kuna limiti zingine ndogo, uzazi, meno, macho, magonjwa ya zamani (yale mtu alikuwa nayo kabla ya kuingia). Tuseme uzazi imeandikwa 100,000 na bili ya upasuaji imefika 180,000, hiyo 80,000 ni mfuko wako hata kama milioni haijaguswa. Mtu akilazwa sisi tunaandikia kampuni kuomba ruhusa, wakikataa bili inarudi kwako. Kwa hiyo mimba sikudanganyi, kava ya uzazi mara nyingi inangoja miezi 10 ama mwaka baada ya kuingia ndio ianze kulipa, haitashikwa. Pangia SHA na akiba.

mama_wawili
Na presha ya mama usifiche kwa fomu!! Najua inauma juu wataongeza pesa ama wamwambie angoje mwaka, lakini ukificha na daktari aandike kwa faili kwamba amekuwa akimeza dawa miaka mitano, kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na hapo umelipa premiamu, yaani ile ada ya bima, bure. Uliza pia umri wa mwisho wa kuingia, kampuni nyingi hazichukui memba mpya akishazeeka, usingoje.

SHA endelea nayo, ni sheria, na kampuni nyingi zinataka iwe hai ndio sehemu yake itolewe kwa bili kwanza. Mama ajisajili yake, yako inashika bibi na watoto tu.

fundi_donholm
Asanteni sana, hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo ya kugawana. Na ile kava ya ofisi ya zamani haiwezi nisaidia?

dawati_la_bima
Inaweza. Itisha barua inayoonyesha ulikuwa umeshikwa mpaka lini, kampuni zingine zikiiona zinapunguza muda wa kungoja, lakini ukikaa miezi mingi katikati inapoteza nguvu, itafute wiki hii. Hata uzazi waulize, wakikubali waandike, usikubali ya mdomo. Hakikisha ajenti ana leseni ya IRA, wale wanaosimamia kampuni za bima Kenya, na ulipe kwa paybill ya kampuni, si kwa simu yake. Risiti za premiamu weka, KRA, watu wa kodi, wanakupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya hiyo premiamu, mwisho 60,000 kwa mwaka.