Maumivu makali ya kichwa yanayokuja ghafla wakati wa tendo la ndoa

Mkazi wa Kihonda

Wanajamvi, habari za jioni. Naleta hapa jambo ambalo nimeshindwa kulisema mbele ya watu ninaofahamiana nao. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke, sivuti sigara, na sijawahi kuambiwa kwamba nina presha. Mwishoni mwa wiki iliyopita, tukiwa katika tendo la ndoa nami nikikaribia kufika kileleni, nilipatwa na maumivu ya kichwa ambayo sijapata kuyaonja maishani: yalianzia kisogoni, yakaenea kichwa kizima kufumba na kufumbua, yakanilazimu kuacha na kukaa kitako nikiwa nimekishika kichwa. Ukali ule ulipungua baada ya dakika chache, lakini kichwa kilibaki kizito hadi kesho yake mchana. Jana usiku hali hiyo imejirudia. Katika duka la dawa nilipimwa presha, nikaambiwa iko sawa, nimeze parasetamoli na kupumzika. Mke wangu sasa anaogopa hata kunigusa, na ndugu mmoja tuliyemdokeza anataka twende kwa mganga. Je, hii ni presha inayojificha, ni uchovu, au kuna jambo kubwa zaidi?

Mzee wa Pangani

Ndugu yangu, usitishike. Mimi yalinipata hayo nikiwa na umri kama wako, yakanisumbua kwa majuma kadhaa kisha yakaondoka yenyewe bila dawa wala sindano. Kunywa maji ya kutosha, pumzika, na unapokuwa na mkeo usifanye kwa pupa. Ukienda hospitali utazungushwa vipimo vya bei kubwa na mwisho utaambiwa huna ugonjwa.

Tabibu wa Zamu

Kwa heshima zote kwa Mzee wetu, yaliyompata yeye ni ya kweli na ndiyo yanayowatokea wengi, lakini ushauri wake hauwezi kutolewa kwa mtu ambaye bado hajapimwa. Yapo maumivu ya kichwa yanayohusiana na tendo la ndoa ambayo hayatokani na ugonjwa wowote ndani ya ubongo. Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 huyapata wakati fulani wa maisha yake, wanaume zaidi kuliko wanawake, na hasa wale ambao tayari wana kipandauso. Wengine huanza kusikia mgandamizo wa kisogo na shingo unaoongezeka kadiri ashiki inavyopanda. Wengine, kama wewe, hupigwa ghafla karibu na kileleni. Ukali wake huweza kudumu kuanzia dakika moja hadi saa 24, na uzito unaobaki huweza kufika saa 72.

Tatizo ni kwamba kutokwa na damu juu ya ubongo huanza kwa namna iyo hiyo. Mara nyingi chanzo chake ni sehemu dhaifu ya ukuta wa mshipa iliyovimba kama puto, na shinikizo la damu linapopanda kwa nguvu wakati wa tendo, sehemu ile inaweza kupasuka. Kwa maneno ya mgonjwa peke yake, hata daktari bingwa hawezi kutofautisha hali hizi mbili. Presha uliyopimwa ukiwa umetulia dukani haisemi lolote kuhusu mshipa huo. Ndiyo maana kichwa cha namna hii, kinapotokea kwa mara ya kwanza, huchukuliwa kuwa dharura mpaka picha ya ndani ya kichwa ithibitishe vinginevyo.

Nenda leo katika hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa, wala usiende mwenyewe kwa pikipiki. Picha ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze huiona damu karibu mara zote, lakini kadiri siku zinavyopita uwezo huo hupungua, kwa hiyo huenda ukahitaji pia kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo na kupigwa picha ya mishipa yenyewe. Kujirudia kwa maumivu ndani ya siku chache kunanifanya nifikirie pia hali ya mishipa ya ubongo kujikaza na kujiachia, ambayo nayo huletwa na tendo la ndoa, na wakati mwingine na dawa. Hadi utakapopimwa, acha tendo kabisa, na usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha damu kuvuja. Shingo ikikaza, ukitapika, ukiona vitu viwili viwili, kope ikilegea au ukipoteza fahamu, usingoje hata saa moja.

Mama Nasra

Naomba niongeze neno kwa upande wa aibu, maana ndiyo inayowaponza wengi. Shemeji yangu alipatwa na hali hii akaenda kituo cha afya na kusema tu kwamba kichwa kinamuuma. Alipimwa malaria, akapimwa na taifodi, akarudishwa nyumbani na vidonge. Aliporudi na kueleza kwamba maumivu yalimpiga kwa ghafla akiwa na mkewe, daktari alibadilika uso na kumwandikia rufaa papo hapo. Ndugu wa Kihonda, mwambie daktari maneno yaleyale uliyotuandikia sisi, na kama ulimi utakuwa mzito, mpe simu ayasome.

Mkazi wa Kihonda

Nawashukuru sana. Mke wangu ameshatafuta usafiri. Tabibu umetaja dawa: wiki hizi mbili nimekuwa nikimeza vidonge vya mafua vya kufungua pua. Je, nivitaje? Na wale wanaotumia unga wa kuongeza nguvu za kiume, nao wamo?

Tabibu wa Zamu

Vitaje, na ubebe pakiti yake. Baadhi ya dawa za kufungua pua hukaza mishipa ya damu na zinajulikana kuchochea hali niliyoieleza, zisimamishe sasa. Bangi nayo imo, na baadhi ya dawa za sonona, ingawa hizo za sonona mtu asiziache bila daktari wake. Unga huo ni shida ya aina yake, kwa sababu mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, katika bidhaa zilizouzwa kama mitishamba tupu. Sildenafili yenyewe huumiza kichwa, na ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha presha kwa kiwango cha kuua.

Vipimo vikionekana safi, tiba ipo. Anayesumbuliwa mara kwa mara huweza kuandikiwa indomethasini, dawa ya maumivu, ya kumeza dakika 30 hadi 60 kabla ya tendo, ikiwa hana vidonda vya tumbo, au propranololi, dawa ya presha na moyo, ya kila siku, ikiwa hana pumu. Kwa wengi maumivu huja kwa kipindi kisha hukoma. Swali la lini mrejee kwenye tendo mwulizeni daktari mkiwa wote wawili mbele yake, ili mkeo asikie jibu kwa masikio yake.