Mrejesho: Nimerudi salama kutoka Mediterania

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama msafiri wa peke yake mwenye bajeti ndogo anaweza kupanda meli ya kitalii Mediterania bila kulipia kitanda cha pili. Asanteni sana kwa ushauri wenu! Nilisubiri Novemba bei ziliposhuka, nikachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha. Nyongeza ya mtu mmoja, yaani ile anayotozwa anayelala chumbani peke yake, ilikuwepo, ila ilivumilika. Ziara za nchi kavu zinazouzwa na meli sikununua hata moja. Civitavecchia, bandari ya kushukia kwenda Roma, nilipanda treni ya kawaida hadi stesheni ya Roma San Pietro, na Vatikani iko karibu tu kwa miguu. Aliyenisisitiza nirudi bandarini mapema, Mungu akubariki: treni ya kurudi ilichelewa, na bado niliiwahi meli. Napoli ndiyo iliyonikaa moyoni. Unashuka bandarini, mji huo mbele yako.