Kikokotoo kinachotatua aljebra chenyewe: kiingie chumba cha mtihani?

Kipeuo: Tangu Agosti 2025 mtihani wa SAT wa Marekani, wa kuingilia chuo kikuu, umekataa vikokotoo vyenye CAS, yaani vile vinavyoshughulikia herufi na si namba tu. Andika factor(x^2-5x+6), kinarudisha (x−2)(x−3). ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, walishavikataa kitambo. Mimi naunga mkono. Kama swali linapima kutatua mlinganyo na mashine inautatua kwa mstari mmoja, unampima nani?

Radiani: Mkuu, hapo wa kulaumiwa ni mtunga swali. Jimbo la Victoria, Australia, linaruhusu CAS katika somo la Mathematical Methods, lakini mtihani umegawanywa. Wa kwanza ni dakika 60, alama 40, bila kikokotoo wala noti. Wa pili ni dakika 120, alama 80, CAS iko mezani. Derivativu (kasi ya badiliko la fomula) za mkono zinapimwa kule kwanza. Tena swali la zaidi ya alama 1 lazima uonyeshe njia. Jibu tupu halikupi alama zote.

Kipeuo: Njia ya kubuni baada ya kuona jibu.

Desimali: Nyote mnakiamini mno. Chukua TI-89, kikokotoo chenye CAS. Kikiwa kwenye digrii, d(sin(x),x), yaani derivativu ya sin(x), inakupa π·cos(x)/180. Hakijakosea: pembe imegeuzwa kuwa radiani kwanza, ndiyo maana π/180 imetoka nje. Asiyejua hilo anainakili hivyo hivyo. Kama uliacha 3 ndani ya x, factor(x^2-4) inajibu 5. Kabla ya kila swali bonyeza 2nd, F6, uchague NewProb ili herufi zifutwe. Ukiandika xy, kinaona kigeu kimoja chenye jina la herufi mbili; andika x*y. Katika hali ya AUTO, √(2)*0.5 inatoa .707107, ilhali √(2)*1/2 inatoa √(2)/2. Nukta moja tu, na kwa swali linalotaka jibu kamili alama imekwenda. Na solve(sin(x)=1/2,x) inaleta @n1, namba nzima yoyote; asiyeongeza |0≤x and x≤2π anabaki ameikodolea macho.

Kipeuo: Umenisaidia. Hayo yote ni kujifunza vitufe.

Desimali: Digrii na radiani ni vitufe? Masafa ya x nayo je?

Radiani: Halafu SAT hiyohiyo imeweka Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu, ndani ya programu ya mtihani. Chora upande wa kushoto kama y moja, wa kulia kama y nyingine, bofya zinapokatana. Mlinganyo umetatuliwa. Marufuku ya nini?

Kipeuo: Desmos inakupa 1.414, haikupi √2. Na ukiambiwa utafute x kwa kutumia a na b, grafu haikutengenezei fomula, CAS inaitengeneza. Mpaka uko hapo.

Radiani: Sawa, basi swali la a na b lipelekwe sehemu isiyo na kikokotoo.

Kipeuo: SAT ya karatasi ilikuwa nayo tangu 2016: maswali 20, dakika 25. Ya kidijitali imeifuta. Kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho.

Radiani: Waliondoa ukuta, kisha wanalalamika kwamba mbuzi wameingia shambani. Warudishe zile dakika 25, na TI-89 irudi mezani.