Kadi za mtandao zimebadilishana majina baada ya kufunga kadi ya picha

steshenari_ngamiani:
Habari zenu mafundi. Nina duka la steshenari na intaneti hapa Ngamiani, Tanga. Mashine moja ya Debian 12 (mfumo wa Linux) ndiyo inayogawa mtandao kwa kompyuta 6 za wateja. Ina kadi mbili: enp2s0 ya kwenye mazabodi inakwenda kwenye ruta, enp3s0 ya kuchomeka inakwenda kwenye swichi.

Leo jioni nimefunga kadi ya picha, sikugusa kitu kingine. Kuwasha tu, wateja wote hawana mtandao. Taa za kijani zinamulika kote kuwili, waya nimebadilisha mara mbili. Kupiga `ip link` (amri ya kuorodhesha kadi za mtandao), enp2s0 haipo kabisa! Kuna enp3s0 na enp4s0, na ile anwani ya IP 192.168.10.1 ya upande wa wateja imekaa kwenye waya wa ruta. Kesho asubuhi wanachuo wanakuja kuchapa ripoti zao na nimeshawaahidi. Nisaidieni.

fundi_makorora:
Weka net.ifnames=0 kwenye /etc/default/grub, piga `update-grub`, washa upya. Utarudi kwenye majina ya zamani, eth0 na eth1.

mama_seva:
Mdogo wangu, mashine ya kadi mbili usiifanyie hivyo. eth0 huchukuliwa na kadi iliyowahi kuonekana na kerneli (kiini cha Linux), leo hii, kesho ile. Ndicho kilichofanya systemd 197 (programu inayowasha na kusimamia mfumo wa Linux) ilete majina mapya mwaka 2013. Ila nayo hufuata mahali: p3 ni njia ya PCI (inayounganisha kadi na mazabodi) namba 3, s0 ni sloti. Kadi ya picha imechukua namba ya mbele, zako zikasogea.

Lifunge jina kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya kipekee ya kila kadi. Fungua /etc/systemd/network/10-wateja.link; sehemu ya Match andika `PermanentMACAddress=` na anwani ya kadi, sehemu ya Link andika `Name=wateja0`. Ya pili iite ruta0. Rekebisha /etc/network/interfaces, piga `update-initramfs -u` (ijenge upya faili la kuwashia), washa upya. Na popote ulipotaja majina ya zamani, pabadilishe.

steshenari_ngamiani:
Ahsante sana dada. Anwani nilianza kuisoma kwenye kibandiko cha kadi kwa tochi ya simu, kumbe kimefifia, 8 nikaiona B. Jina likakataa kushika mpaka nilipoinakili kutoka `ip link`. Halafu nftables (kanuni za kupitisha mtandao wa wateja) ilikuwa bado inataja enp2s0: seva inatoka nje vizuri, wateja hawatoki. Hapo ndipo palipokula saa nzima.

Sasa zote 6 zinafungua. Nimeichomoa kadi ya picha nikawasha, nikairudisha nikawasha tena, wateja0 na ruta0 ziko palepale.