Acheni kutudanganya kwamba mnafuta maandishi kwenye video!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Wiki ya tatu hii nahangaika na mstari mmoja wa maandishi ya manjano.

Nina video ya dakika 11 ya marehemu mama. Amekaa karibu na dirisha anafuma sweta ya mjukuu wake, anaongea huku anaonyesha jinsi ya kufunga nyuzi za shingoni. Ni video pekee tuliyo nayo ambayo mikono yake inaonekana kwa karibu. Jamaa tuliyempa kuirekodi na kuihariri, bila kuagizwa na mtu yeyote, akabandika utepe wenye jina lake la kazi na namba yake ya simu, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Utepe wenyewe umepita juu ya vidole vya mama. Niliporudi kumwomba faili ghafi akasema alishazifuta, diski ilijaa. Akaongeza, "Si kuna programu za kufuta maandishi siku hizi?"

Nikaenda kwenye hizo programu. Zote zinaahidi kitu kilekile: bofya mara moja, maandishi yanatoweka. Ya kwanza ikaweka ukungu mahali palipokuwa na utepe. Huko ni kufuta? Ya pili ikakata sehemu ya chini ya picha na kuvuta iliyobaki ijaze skrini, kwa hiyo mikono ikaondoka pamoja na utepe. Ya tatu niliiacha ikifanya kazi usiku kucha, asubuhi nakuta imechapa jina la programu yenyewe mshazari katikati ya uso wa mama, na kulitoa ni mpaka ulipie. Nilikasirika nikafunga kompyuta siku nzima.

Kinachoniuma zaidi ni hilo neno "kufuta". Kuna maandishi ambayo kweli yanaondoka. Kama manukuu ni faili la pembeni la SRT (faili la maandishi matupu), au ni mkondo wake ndani ya MKV (faili la video linalobeba picha, sauti na manukuu kila kimoja peke yake), unayazima tu, au unaiambia FFmpeg, programu ya bure ya kuchakata video, inakili picha na sauti kama zilivyo na manukuu iyaache nje. Hakuna pikseli, yaani nukta ya picha, hata moja inayoguswa. Lakini maandishi yakishachapwa ndani ya picha yenyewe, hakuna tabaka lililojificha chini yake. Pale palipokuwa na kidole sasa pana rangi ya manjano, basi. Programu yoyote itakayopagusa inachora kitu kipya kwa kukisia. Semeni hivyo! Andikeni kwenye matangazo yenu kwamba mnakisia, mtu aamue mwenyewe kama anataka.

Na kukisia kwenyewe kuna viwango, hilo nimejifunza kwa machungu. Kichujio cha delogo cha FFmpeg unakichorea mstatili, chenyewe kinaazima rangi za pembezoni na kuzisambaza ndani. Kwenye ukuta mtupu au anga huwezi kulalamika. Kwenye vidole linabaki doa la rangi ya ngozi lililopakwapakwa. OpenCV, maktaba ya bure ya waandika programu ya kuchakata picha, nayo ina njia mbili za kujaza mapengo, ya Telea na ya Navier-Stokes, ila zimetengenezwa kwa picha moja moja. Video yangu ina fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, yaani fremu 16,500, na kila moja inakisiwa peke yake bila kujua jirani yake amekisia nini. Ukiicheza, eneo lile linachemka kama maji jikoni.

Mifumo mipya, kama ProPainter ya 2023, inatazama fremu za jirani. Hii naiheshimu, kwa sababu kamera ikisogea, kilichofunikwa na maandishi sekunde hii kinaweza kuonekana wazi sekunde inayofuata, na hapo unapata pikseli za kweli. Ila kamera yetu ilikuwa juu ya stendi na utepe haukusogea hata kidogo. Hakuna fremu hata moja inayoonyesha kilichokuwa chini yake. Nilichopata ni vidole viwili vilivyoungana, sindano inayokatika katikati na kurudi, na uzi unaoingia ndani ya kiganja. Dada yangu aliangalia sekunde chache akaniambia nizime, ile si mikono ya mama. Alikuwa sahihi.

Kwa watakaojaribu kwenye ukuta au anga: msichore barakoa, yaani eneo unaloiambia programu ijaze, inayobana herufi. Video ikibanwa ili faili liwe dogo, kingo za herufi zinavujisha rangi hadi pikseli za jirani, kwa hiyo ongeza pikseli kadhaa kila upande, la sivyo unabaki na kivuli cha maneno. Na kazi zote zianze kwenye faili lile la mwanzo, maana kila ukihifadhi upya ubora unapungua.

Sasa nyinyi mnaohariri video za watu. Jina lako liweke mwishoni, sekunde tano, inatosha. Mteja mpe nakala safi isiyo na neno lolote, na usifute faili ghafi kabla hujamuuliza. Ni kumbukumbu ya mtu ile, haitarudiwa kurekodiwa. Kuna ugumu gani kupiga simu moja kabla ya kufuta?

Naomba pia mtu asije hapa kunitajia programu nyingine kama hajaijaribu yeye mwenyewe kwenye mikono inayotembea na kamera iliyotulia. Nimeshachoka na hayo.

Ninachohitaji ni kitu kingine. Baada ya kubishana sana, jamaa amenipa kadi ya kumbukumbu ya kamera aliyorekodia. Anasema faili alizifuta na ameitumia tena kwa kazi moja fupi. Najua kufuta kwenye kadi huwa kunaondoa orodha tu, data inabaki mpaka iandikwe nyingine juu yake, na kwamba PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha faili zilizofutwa, inaweza kuitafuta. Aliyewahi kurejesha video ndefu kwa njia hiyo, tena iliyorekodiwa vipande vipande, anieleze alianzia wapi. Kadi ninayo mezani, sijaichomeka popote.