Mzee aambiwa afute vipuri kwenye mfumo ndio ufanye kazi. Wadau wa .NET Nairobi, sisi tunaoandika programu kwa jukwaa hilo la Microsoft, tutavumilia haya mpaka lini?

Wadau, naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina sababu.

Wiki mbili zilizopita niliitwa na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Stoo yake iko Industrial Area. Mwaka 2021 alilipa kampuni moja ya programu hapa mjini shilingi 650,000 wamtengenezee mfumo: programu ya kompyuta ya kaunta, pamoja na huduma ya kwenye seva ya kuunganisha duka na stoo. Jina la kampuni silitaji. Pesa alizitoa kwa awamu tatu na risiti zote anazo ndani ya faili la kadibodi, zimepangwa kwa tarehe.

Shida iliyonipeleka huko ilikuwa orodha ya bidhaa. Dada wa kaunta akibonyeza afungue orodha, programu inafikiria kidogo, kisha kinatokea kisanduku cha hitilafu. Mzee alipowapigia simu, waliomuuzia walimjibu hivi: "Mzee, umejaza vitu vingi mno. Futa vile visivyouzika."

Na mzee wa watu akafuta! Jioni mbili nzima, yeye na yule dada, mpaka saa tatu usiku, wakiondoa beringi, bushi na fani belti za magari ya zamani, moja baada ya nyingine. Mali iko rafuni stoo, kwenye mfumo haipo. Mteja akiiulizia anaambiwa hakuna.

Nilifungua folda ya programu. Kando ya programu yenyewe kuna faili la usanidi, linafunguka kwa Notepad, halidai msimbo (maandishi ya asili ya programu) wala nywila. Huduma imejengwa kwa WCF, zana ya .NET ya kuunganisha programu kupitia mtandao. Aliyewahi kushika WCF anajua kwamba usipobadilisha kitu, ujumbe unaopokelewa haupaswi kuzidi baiti 65,536. Kikomo hicho kiliwekwa kwa nia njema, mtu asiweze kukurushia mzigo wa kuijaza kumbukumbu ya mashine. Orodha ya mzee ilikua pamoja na biashara yake, ikapita hapo, programu ya kaunta ikaikataa. Nikabadilisha namba moja tu, ya maxReceivedMessageSize, iwe kubwa zaidi, nikafunga programu na kuifungua tena. Orodha yote ikaja. Dakika nne. Yule dada hakusema neno, alikaa akiitazama skrini tu, maana ni mikono yake iliyofuta.

La pili ni malipo. Programu hiyo ilikuwa ikiuliza huduma ya nje kama pesa ya mteja imeingia, kisha siku moja ikakwama: haiwezi kuunda njia salama ya mawasiliano. Kampuni ikadai shilingi 180,000 na wiki mbili "kuandika upya sehemu ya malipo". Nikachungulia usanidi tena. Programu imeandikwa kulenga .NET Framework 4.5, toleo la zamani la .NET ya Windows. Hii ni kazi ya 2021, jamani, na toleo la 4.5 liliacha kuhudumiwa Januari 2016! Programu iliyolengwa 4.5 usipoielekeza huanza mazungumzo kwa TLS 1.0, kanuni ya zamani ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, hata kama kompyuta yenyewe ina 4.8. TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati Machi 2021, na seva nyingi zimezifungia mlango. Dawa yake? Thamani mbili kwenye rejista ya Windows (ghala la mipangilio yake), SchUseStrongCrypto na SystemDefaultTlsVersions, zote ziwe 1, upande wa biti 64 na upande wa biti 32. Usisahau upande wa 32, hapo ndipo wengi hukwama. Malipo yakarudi kabla chai haijapoa.

Shilingi 180,000 kwa hilo. Mzee alikuwa tayari ameanza kuzitafuta.

La tatu sijaliweza, na ndilo linaloniuma zaidi. Skrini ya kaunta inaganda. Kila ombi la kwenda stoo linafanywa kwenye uzi uleule (mkondo wa kazi ndani ya programu) unaochora skrini, kwa hivyo mtandao ukilegea kidogo kati ya mjini na Industrial Area, dirisha zima linakuwa jeupe na foleni inasimama. Async na await, njia ya kusubiri jibu bila kugandisha skrini, zimo ndani ya C#, lugha ya .NET, tangu 2012, zilikuja na hiyohiyo 4.5 waliyoichagua. Hawakuzigusa. Kurekebisha hapo kunahitaji msimbo, na msimbo mzee hana. Alipouomba aliambiwa ni "siri ya kampuni".

Siri gani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mkataba wa mzee nimeusoma, kurasa mbili. Hakuna mahali wamekubaliana vingine. Msimbo haukutajwa hata mara moja.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema kosa ni la fremuweki, eti .NET imezeeka. Nimekula mkate wa .NET tangu 2009 na hilo sitalikubali. Framework 4.8 bado inahudumiwa pamoja na Windows. WPF, sehemu ya kuchorea madirisha ya programu, ilihamishiwa .NET Core 3.0, ile .NET mpya, mwaka 2019 na inaendelea vizuri. Upande wa seva wa WCF ndio ulioachwa nyuma, na Microsoft ilitangaza hivyo hadharani mwaka huohuo wa 2019. Kwa hivyo anayemwanzishia mteja mradi mpya wa WCF mwaka 2021 ama hasomi, ama anasoma na hajali. Baadaye, 2022, CoreWCF, yaani WCF ya seva kwa .NET mpya, ilitoa toleo la 1.0, na mfumo kama huu ungeweza kuhamishwa bila kuanza upya. Ungeweza, kama msimbo ungekuwepo.

Mimi pia nina wateja, na kila ninapofika duka jipya nakuta mtu ameshaumwa. Wananiuliza maswali kama mshukiwa, na siwalaumu.

Sasa msaada ninaoutaka. Jumatatu tunawapelekea barua ya kudai msimbo, hifadhidata yote na nywila ya msimamizi wa seva, kwa siku 14. Wakikataa, mzee yuko tayari kwenda kwa Bodi ya Hakimiliki. Kama kuna aliyepitia njia hiyo kwa programu, aseme walimdai nyaraka zipi na ilichukua muda gani. Na kama una nakala ya mkataba inayotaja msimbo waziwazi, iweke hapa chini, nina wateja wengine watatu wanaokaribia kutia sahihi.

Vipuri vilivyofutwa tunaviingiza upya kwa mkono. Jana tulifika herufi D.